Imani ya Shosho Haigawanywi Kama Shamba

Maandiko: 2 Timotheo 1:3–7, 2 Timotheo 3:14–15, 1 Timotheo 5:4



Paulo anapomwandikia Timotheo waraka wa pili yuko kifungoni, na anajua safari yake imefika mwisho. Soma sura ya nne uone hali yake. Wenzake kadhaa wameondoka, anaomba aletewe joho alilomwachia Karpo kule Troa, anamsihi Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Mtu wa hali hiyo haandiki maneno ya kujaza karatasi. Lakini tazama, salamu hazijaisha vizuri na tayari ametaja nyanyake Timotheo kwa jina. Loisi. Halafu mamake, Eunike.

Biblia yetu ya Union inamwita "bibi", na nikisoma hivyo kwenye ibada ya vijana naona wakiangaliana, maana huku kwetu bibi ni mke wa mtu. Hapa ni nyanya. Ni shosho, kukhu, dani, susu, kogo, vile mnavyosema nyumbani kwenu. Katika Kiyunani cha Agano Jipya lote, neno hilo la nyanya limeandikwa mara moja tu, na ni katika aya hii.

Nimeshinda nayo wiki nzima kwa sababu Alhamisi iliyopita tulimzika mmoja wa kina mama wazee wa kanisa hili. Jina lake mnalijua, ingawa wengi wetu hatukulitumia. Alikuwa Shosho, hata kwetu sisi ambao si Wakikuyu. Mjane, mama mboga pale karibu na steji, na mlezi wa wajukuu watatu tangu binti yake aende Saudia kufanya kazi za nyumbani. Jumapili walifika kanisani kabla viti havijapangwa, wote wanne, na mara nyingi ni wao waliovipanga.

Wasifu uliosomwa pale kaburini ulikuwa wa kurasa mbili, kama zilivyo nyingi: alizaliwa wapi, akaolewa na nani, akajaliwa watoto wangapi, akaugua, akalala. Hakuna kosa. Lakini jambo kubwa kuliko yote halikuwa kwenye karatasi, lilitoka kinywani mwa mjukuu wa katikati. Alisema kwa miaka mingi kila jioni walikuwa wakimsomea Shosho Biblia kwa zamu, sura moja, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemzuia kusoma. Hatimaye akafanyiwa upasuaji na macho yakafunguka. Kijana akajua sasa zamu zimeisha. Jioni ile Shosho akakaa, akavaa miwani yake mpya, akampa Biblia yeye asome. Ndipo akaelewa kwamba shida haikuwa macho.

Amina? Huyo ndiye Loisi.

Maana Listra haukuwa mji wa kumlelea mtoto katika Maandiko. Matendo 14 inasema watu wa huko walipoona kiwete ameponywa walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na kuhani wao akaleta ng'ombe na mashada ya maua tayari kwa dhabihu. Ni mji huohuo ambapo Paulo alipigwa mawe na kukokotwa nje akidhaniwa amekufa. Luka ametaja sinagogi la Ikonio, lakini akifika Listra hataji sinagogi. Kuhusu babake Timotheo anatuambia jambo moja tu, kwamba alikuwa Myunani. Sasa huyu kijana aliyajua Maandiko tangu utoto, kama 3:15 inavyosema, akifundishwa wapi? Ni nyumbani. Ni wanawake wawili na mtoto.

Nilisomea biashara kabla sijaingia katika huduma, na kuna kanuni moja ya uhasibu ambayo wakati huo niliona ni ya ajabu. Jina jema ambalo biashara imejijengea kwa miaka, imani ya wateja, uaminifu wao, haliandikwi kwenye mizania. Ardhi inaandikwa, gari linaandikwa, hata meza ya ofisi. Jina jema la kampuni linakuja kuonekana kwenye vitabu siku mtu mwingine anapoinunua na kulipa zaidi ya thamani ya vile vitu. Kina mama wetu ni hivyo. Miaka yote hiyo hakuna kitabu cha kanisa kilichoonyesha kazi ya Shosho. Tuliiona aliposimama mjukuu.

Sasa nifike pale panaponisumbua. Kwenye hema, mzee mmoja wa familia aliwageukia wale watoto akawaambia wasiwe na wasiwasi, maombi ya Shosho yatawafunika maisha yao yote. Watu wakasema amina kwa sauti kubwa. Sikutaka kubishana na mtu aliyefiwa, na kuna ukweli ndani yake. Ufunuo 8 unaonyesha maombi ya watakatifu yakipanda mbele za Mungu pamoja na moshi wa uvumba. Maombi hayazikwi. Lakini tukiishia hapo tutawapoteza hawa watoto.

Chukua Hana. Nani aliomba kama Hana? Alilia Shilo mpaka kuhani akadhani amelewa, Mungu akampa Samweli, naye Samweli akawa nabii wa taifa zima. Lakini endelea hadi 1 Samweli 8. Yoeli na Abiya, wana wa Samweli, wanafanywa waamuzi kule Beer-sheba, nao wanapokea rushwa na kupotosha hukumu. Hao ni wajukuu wa Hana! Nyanya yao ndiye yule tunayemhubiri kila Siku ya Kina Mama.

Kwa hivyo angalia Paulo anavyofanya. Katika 1:5 anasema imani ilikaa kwanza kwa Loisi, kisha kwa Eunike, na kwamba ana hakika imo kwa Timotheo pia. Hafungi hapo. Aya ya sita inaanza moja kwa moja, kwa sababu hiyohiyo, kumwambia aichochee karama ya Mungu iliyo ndani yake. Kitu cha kuchochewa ni moto, na moto wa mtu mwingine haupiki chakula chako. Paulo alimtaja Loisi ili Timotheo ainuke.

Najua familia nyingi, baada ya mazishi, mazungumzo yanahamia shambani. Kuna sheria ya mirathi, Sura ya 160, kuna mahakama, kuna utaratibu, na hata kama mtagombana, mwishowe kila mtu atapata kipande chake na hati yake. Lakini hakuna jaji atakayegawa yale maombi ya saa kumi alfajiri, kwamba kifungua mimba achukue Jumatatu na kitinda mimba Jumanne. Usipoamka, nafasi ile inabaki wazi. Wewe uliyelelewa na nyanya mwombaji na sasa unasema "mimi niko sawa, shosho huniombea", umesimama kwenye imani ambayo haijawahi kuwa yako.

Na kuna upande mwingine, nao nausema nikijua mweka hazina atanitazama vibaya. Katika 1 Timotheo 5:4 Paulo anawataja wajukuu. Anasema watoto au wajukuu wa mjane wajifunze kuanzia nyumbani, wawalipe wazazi wao, na kwamba jambo hilo linakubalika mbele za Mungu. Kamati ya mazishi ilikusanya kwa siku chache pesa ambazo zingenunua dawa za presha za mama huyu kwa miaka. Yeye alikuwa akingoja zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, na zikichelewa, anameza kidonge leo na kesho anaruka. Wale waliochangia hema na chakula walikuwa na namba yake ya simu. Yesu katika Marko 7 aliwakemea watu waliosema mali imekuwa korbani, sadaka kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Kama bahasha yako ya Jumapili inatoka kwenye pesa za dawa ya nyanyako, ipeleke kwake kwanza. Mungu ameshasema atakavyoipokea.

Kina mama wazee wa kanisa hili ambao hawana mtu wa karibu, idara ya wanawake inaandika majina yao. Kila ushirika wa nyumbani utapewa mmoja wa kutembelea kila wiki, na vijana wenu waende pia, wabebe Biblia, wasome sura moja kwa sauti.

Na kama nyanyako yuko hai, mpigie leo jioni. Ukishamaliza kuuliza habari za mvua na ng'ombe, muulize anapotaja jina lako mbele za Mungu huwa anaomba nini. Andika atakachosema. Kesho saa kumi alfajiri, anza na hiyo.