Deni la Dakika Tatu

Ndege ikishika moto kwenye njia ya kurukia pale Moi International, kuna saa inayoanza kuhesabu. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinataka magari ya zimamoto ya uwanja yaweze kufika sehemu yoyote ya njia hiyo kwa muda usiozidi dakika tatu, na zinapendekeza mbili. Viwanja hupangwa kwa daraja kulingana na ukubwa wa ndege zinazotua, na kila daraja lina magari yake, maji yake na povu lake. Magari yakipungua, daraja linashuka. Daraja likishuka, ndege kubwa haziruhusiwi kutua kama kawaida. Kwa hivyo gari likiharibika, kuna mkubwa fulani ambaye usiku huo halali.

Sasa vuka seng'enge. Upande huu ni Magongo: nyumba za mabati zilizoshikana ukuta kwa ukuta, mtungi wa gesi mlangoni, stima iliyounganishwa kinyemela, trela zimepaki hadi ukingo wa barabara. Chini kidogo ni Changamwe, na matangi ya mafuta ya ile refainari iliyoanza kazi 1963 na kuacha kusafisha mafuta 2013. Matangi bado yapo. Nyumba ya upande huu ikishika moto, ni dakika ngapi?

Nimeuliza watu. Wa boda alicheka. Mama wa mahamri akasema, "Dakika za nani, mwanangu?" Hakuna aliyenitajia namba. Labda imeandikwa kwenye faili fulani, katika ofisi fulani. Lakini ahadi ambayo aliyeahidiwa haijui, wewe utaiita ahadi?

Nilifika mwaka wa pili tu chuoni, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani. Katika kidogo nilichosoma kuna fumbo moja la darasa la maadili ambalo halijanitoka. William Godwin, Mwingereza, aliliandika mwaka wa 1793. Jumba la askofu mkuu Fénelon linaungua. Ndani yumo askofu, mwandishi ambaye vitabu vyake vitafaidi maelfu, na yumo mtumishi wake. Unaweza kuokoa mmoja tu. Utamwokoa nani? Na je, mtumishi huyo akiwa ni mzazi wako? Godwin alisema aokolewe askofu. Sisi tulibishana kipindi kizima, wengine mpaka wakasimama. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: kwani zimamoto wa mtaa ule wako wapi?

Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu mafumbo ya aina hiyo. Yanaanza pale mambo yalipokwisha kuharibika, halafu yanamtwika mtu mmoja aliyesimama mlangoni uzito wote wa kuamua. Katika maisha ya kweli, uamuzi wa nani aokolewe hufanywa mapema sana, mchana, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na watu ambao hawanusi moshi wowote. Wanaamua gari linunuliwe au lisinunuliwe, kituo kijengwe wapi, zamu ya usiku iwe na watu wangapi. Hawajui majina ya watakaoungua, na pengine ndiyo maana wanalala. Lakini wameshachagua. Askofu ana dakika tatu. Mtumishi ana Mungu.

Wakati mmoja moto ulizuka ploti ya pili kutoka kwetu. Vijana walipanda juu ya mabati na ndoo, wengine wakamwaga mchanga, wengine wakang'oa vyumba vya pembeni ili moto ukose njia. Gari la zimamoto lilipofika, vyumba sita vilikuwa vimekwisha. Sitasema lilikuwa la nani, maana si hoja. Jiwe la kwanza liligonga mlango wa dereva. "Mmekuja kuzima majivu?" mtu akapiga kelele. La pili likafuata. Mzima moto mmoja, kijana wa rika langu, akashuka huku amejikinga uso kwa mkono. Bi mkubwa mmoja akasimama katikati yao: "Muacheni! Huyo naye ni mtoto wa mtu!"

Baadaye kijana yule alikaa kando ya bomba akinywa maji. Nikamuuliza mbona wamechelewa. "Kaka," akasema, "mimi napanda gari ninaloambiwa nipande. Likiwaka, twaja. Lisipowaka, twasukuma."

Sasa, jiwe lile lilikuwa na haki? Wengi mtaani wanasema ndiyo, na siwezi kuwaita wajinga. Jiwe ni swali la mtu aliyekosa pa kuuliza. Ni ukaguzi wa hesabu wa maskini: anaitisha maelezo kwa yeyote aliyefika akiwa amevaa sare. Kasoro yake ni mbili. Linampiga aliyekuja, si aliyekaa. Na linafika siku ambayo hakuna jibu linaloweza kurudisha kitu.

Basi aliyekaa ni nani? Katiba ya 2010 imejibu hilo bila kuzunguka. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaipa serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga. Si kazi ya chifu wala ya mbunge. Mbunge akija na blanketi na unga baada ya moto, amekuja kama jirani mwema mwenye kamera. Mwenye deni ni kaunti. Anayeisimamia kaunti ni Bunge la Kaunti, yaani yule MCA tunayekutana naye kwenye matanga. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila mwaka pesa zilivyotumika. Hivyo macho yapo. Lakini jicho linaweza kuona risiti ya gari bila kuona kama gari linawaka, na linaweza kuona bajeti bila kujua moto wa Magongo ulisubiri muda gani. Mkaguzi hukagua kilichoahidiwa. Pasipo namba, hana cha kukagua.

Kuna wanaosema dawa ni kuiondolea kaunti kazi hii na kuunda kikosi kimoja cha taifa. Majirani zetu Tanzania wanalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na namba moja ya dharura, 114. Ni mpango wenye mantiki yake. Hata hivyo, Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua Dar es Salaam, katikati ya jiji kubwa kuliko yote nchini humo. Kubadilisha bosi hakumhakikishii mwenye kibanda chochote, iwapo bosi mpya naye haulizwi.

Namba pekee nayo haitoshi, na hili tumelipia kwa watoto. Machi 1998, wasichana 26 walikufa kwenye bweni la Bombolulu, hapa hapa Pwani, upande wa Kwale. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Machi 2001, wavulana 67 wakafa Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2008 wizara ya elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma. Maneno mazuri, yaliyoandikwa vizuri. Septemba 2024, watoto 21 wakafa katika bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri, na nchi nzima ikaanza tena kuuliza ni nani aliyekuwa akikagua mabweni.

Ukiweka mambo haya pamoja, utaona tofauti ya uwanja wa ndege si gari jipya tu. Ni vitu vitatu vinavyoshikana: kipimo kilichoandikwa, mtu wa nje anayekuja kukipima, na hasara inayompata mhusika kipimo kisipofikiwa. Na hata ndani ya seng'enge ulinzi huu una mipaka. Ile hesabu ya dakika tatu ni ya njia za ndege. Agosti 7, 2013, jengo la abiria wanaowasili kule JKIA Nairobi liliteketea huku dunia ikitazama. Huku kwetu, gari la mtaani likiharibika, ni nini kinachofungwa? Ni nani anayeshuka daraja? Maisha yanaendelea kama kawaida, hadi moto ufuate.

Mtu atasema namtetea mzima moto kupita kiasi. Hapana. Jengo la Grenfell lilipoungua London, Juni 14, 2017, watu 72 walikufa. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, Oktoba 2019, ilisifu ujasiri wa wazima moto walioingia ndani, lakini ikakilaumu kikosi chenyewe kwa maandalizi mabovu na kwa kuchelewa kuondoa agizo la wakazi kubaki ndani. Ya mwisho, Septemba 2024, ikapanda ngazi zaidi: kampuni zilizouza vifaa kwa udanganyifu, na serikali zilizopuuza hatari kwa miaka mingi. Angalia mpangilio huo. Hakuna aliyeambiwa "wewe ni shujaa, usiulizwe." Lakini kila mmoja aliulizwa kuhusu kile kilichokuwa mkononi mwake. Kijana wa bomba huulizwa kuhusu bomba. Mwenye bajeti huulizwa kuhusu bajeti. Haki ndiyo hiyo, kila mtu abebe furushi lake. Sisi tulimbebesha kijana yule mafurushi ya jengo zima la kaunti.

Pia si kweli kwamba mtaa hauna furushi. Kichochoro kilichozibwa na kibanda ni chetu. Waya ule wa kuchomeka ni wetu. Jamaa anayesimama mbele ya gari la zimamoto akichukua video, si anatoka hapa hapa? Lakini angalieni ni nani anayeanza kukata tamaa. Mtu hatunzi njia ya gari ambalo haamini litakuja.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya pesa. Ndege ina abiria mia mbili na mafuta tumboni. Chumba kimoja Magongo kina watu watano. Kaunti ina hospitali za kuendesha, barabara, takataka. Kutoka kisiwani kuja huku gari hupita Makupa, kisha hupambana na jamu ya trela. Dakika tatu haiwezekani. Sawa. Mimi sidai dakika tatu. Namba zinaweza kutofautiana bila mtu kudhulumiwa. Dhuluma ni upande mmoja kuwa na namba na upande mwingine kuwa na kimya.

Tena namba mbaya ina heshima kuliko kimya. Niambie ukweli kwamba gari litachukua dakika arobaini, nami nitajua nisimame wapi. Tutachanga tununue ndoo za mchanga. Mwenye ploti atabanwa aache kichochoro wazi. Mitungi ya gesi itatoka ndani. MCA naye atakuja kuomba kura akiwa na kitu cha kupimwa nacho: ulizikuta arobaini, umeziacha ngapi? Kumficha mtu ukubwa wa hatari yake ni kumfanya mtoto, ilhali akiungua anaungua kama mtu mzima.

Mtaa wa jirani umeshatuonyesha kwamba kuuliza kunaweza kufika mbali. Watu wa Owino Uhuru, pale Mikindani, walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Waliandika, wakapimwa damu, wakaenda kortini. Mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka mingi, na wengine hawakuishi kuiona. Lakini swali lao lilifika mahali ambapo jiwe halifiki.

Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu raia anayeomba habari. Habari ikihusu uhai wa mtu, ni saa 48. Wakikataa, kuna ofisi ya Ombudsman ya kupelekea malalamiko. Na kila mwaka makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe yamefika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Maswali yenyewe yanatosha ukurasa mmoja. Magari mangapi yanawaka leo? Lililo karibu na Magongo liko wapi, na tangi lake linabeba maji kiasi gani? Zamu ya usiku ina watu wangapi? Mabomba mangapi ya zimamoto kati ya Changamwe na Jomvu yana maji? Mwaka uliopita, tangu simu ipigwe hadi gari lifike, zilipita dakika ngapi?

Sidhani kuna mtu anayeweza kusema maswali haya hayahusu uhai. Barua yake haihitaji wakili wala digrii. Inahitaji siku ambayo hakuna moshi, na watu wachache wa kuweka sahihi. Leo, kwa mfano, hakuna moshi.