Ada ya Kujifunza Ilipwe na Nani?

Ajali haina kinga. Huku Mwanza maneno haya tumeyasikia msibani, ndani ya daladala, hata kwenye hotuba za wakubwa. Leo nataka tuyahoji kidogo, na shahidi wangu ni familia moja ya Marekani.

Edwin Link alifanya kazi kwenye kiwanda cha baba yake cha vinanda, mjini Binghamton, jimbo la New York. Alipenda urubani, ila masomo yake yalikuwa ghali. Mwaka 1929 alikuwa ameshaunda kijindege cha mbao kisichoruka: kimekaa juu ya mivukuto, ile mifuko ya upepo inayofanya kinanda kilie. Ukivuta usukani kinainama, ukikosea kinayumba, halafu unashuka kwa miguu yako mwenyewe. Watu walikiona mchezo, na kweli vingine vikaishia kwenye viwanja vya burudani.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Ndani ya wiki chache marubani kadhaa wakafa, kwa kuwa hawakuzoea kuruka gizani na kwenye mawingu. Hapo jeshi likanunua vijindege sita vya Link. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, marubani wapatao nusu milioni walikuwa wamevipitia. Alichofanya Link ni kulihamisha kosa: akalitoa angani linakoua, akaliweka darasani linakofundisha.

Baadaye akageukia bahari, pamoja na mkewe Marion, mwandishi. Mwaka 1962, kabla ya kumzamisha mtu mwingine, aliingia yeye kwanza ndani ya silinda yake ya alumini na kukaa saa kadhaa chini ya maji. Kisha akabuni nyambizi ya utafiti, Johnson Sea Link. Juni 1973 ikanasa kwenye mabaki ya meli karibu na Key West, Florida, mita zaidi ya 100 chini. Ilikaa huko zaidi ya saa 30. Ndani walikuwemo watu wanne. Chumba cha nyuma kikawa na baridi kali, kemikali ya kusafisha hewa ikashindwa kazi, na wawili wakafa. Mmoja wao alikuwa Clayton, mtoto wa Link, mwenye miaka 31.

Sasa huyu baba angesema nini? Angeweza kusema ajali haina kinga, na nani angembishia? Lakini baada ya kuzika alirudi kwenye karakana, akabuni chombo cha kwenda kukwamua nyambizi iliyonasa.

Turudi ziwani kwetu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, imejaza watu kupita uwezo wake. Wengine walikuwa bado hai ndani, wakigonga chuma. Meli ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, ikazama nao. Mamia walikufa, na wengi wamelala Igoma. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka hatua chache kutoka Ukara. Nayo ilijaza kupita kiasi. Walikufa zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye mzamiaji akamkuta fundi wa kivuko akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Novemba 2022 ndege ikaanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wakafa 19. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, na mitumbwi na makasia yao.

Mtu ataniambia: usiwanyang'anye wafiwa faraja yao. Ni kweli. Mama aliyempoteza mwanawe Ukara hadaiwi uvumbuzi wowote, na kwake maneno yale ni dawa. Basi ayatumie. Tatizo linaanza dawa ya msibani ikihamia ofisini, mezani kwa mwenye jukumu la kuhesabu abiria kabla kamba haijafunguliwa. Pale inakuwa maficho.

Na hapa ndipo ninapoona tofauti ya kimaadili. Kila jamii inajifunza kwa makosa, na makosa yana ada. Clayton Link alikuwa mtafiti, alijua anaingia kwenye nini. Abiria wa MV Bukoba alikata tiketi ya kwenda Mwanza. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kuwa somo la wengine. Ukishalipiwa ada namna hiyo, bila ridhaa ya mlipaji, usipojifunza unakuwa umemwibia mara mbili.

Kwa hiyo tukifika Igoma kila Mei 21, dua ziendelee. Ila baada ya dua tuulizane: kwenye mwalo wa karibu, nani amefanyishwa mazoezi ya kuokoa watu mwaka huu? Mvuvi aliyewahi Bukoba na kasia, je, mwenzake wa Ukerewe amepewa hata kamba na boya?