Hesabu na Mtego

Je, hesabu isiyo na kosa yatosha kuaminiwa? Mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Edward Knipling, aliwaza hivi: jike anayepandwa mara moja tu akipata dume tasa, hatazaa, basi madume tasa wakiwazidi sana wale wa porini, kila kizazi kitapungua hadi kiishe. Hoja safi, ila karatasi haina msitu.

Kisiwani Unguja, ambako mbung'o waliwaambukiza ng'ombe nagana, hoja hiyo ilipimwa. Kuanzia 1994 ndege ziliachia madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi ya gama. Chini, mitego ikahesabu. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996.

Hapo ndipo penye ugumu. Mtego mtupu haushuhudii kwamba mbung'o hayupo. Washuhudia tu kwamba hakunaswa. Tena mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja, hivyo masalio machache yangeweza kujificha kwa miezi. Ilibidi hesabu iulizwe tena: ukimya wa muda gani watosha? Mitego ikaendelea kutegwa, damu ya ng'ombe ikapimwa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Kama tangazo lingekuwa la haraka, mfugaji aliyenunua ng'ombe wa maziwa ndiye angelipa.