Je, Mshtarii Ina Hatia?

Mwezi Julai 1992 nyotamkia moja ilipita karibu mno na Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka jua letu, ambayo wengi huiita Jupita. Ikavunjika vipande vipande. Tarehe 24 Machi 1993 Carolyn Shoemaker, mumewe Eugene na David Levy waliigundua kutoka Palomar, California, ikiwa imekwisha kuwa mlolongo wa vipande. Kati ya tarehe 16 na 22 Julai 1994 vipande hivyo viliiangukia Mshtarii kimoja baada ya kingine, kwa kasi ya kilomita 60 hivi kwa sekunde.

Swali langu ni hili: katika maangamizi hayo, nani alikosa?

Wapo watakaoilaumu nyotamkia: mbona ilisogelea mkubwa? Lakini haikuichagua njia yake. Wengine wataishtaki Mshtarii. Nayo haikuchagua kuvuta. Hatia hudai mambo mawili, yaani kujua unalotenda na kuweza kutenda vingine. Mshtarii haina hata moja. Kwa hiyo palikuwa na maangamizi, lakini hapakuwa na dhuluma.

Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu wenye nguvu hupenda kujifananisha na sayari. Wanasayansi hutueleza kwamba nyotamkia ile haikupasuliwa na mvuto wenyewe, bali na tofauti ya mvuto: upande wa karibu ulivutwa zaidi kuliko upande wa mbali, na kilichoziunganisha sehemu zake kilikuwa hafifu. Kijijini kwetu nimeona jambo kama hilo. Tajiri mmoja alikuja kununua ardhi. Katika ukoo mmoja wa majirani, ndugu waliopakana na shamba lake alianza nao, akawapa bei nzuri. Wa mbali hakuwapa kitu. Leo ndugu hao hawazikani. Wazee walipoulizwa walijibu, "Mwenye nguvu mpishe."

Methali hiyo ni ushauri wa kujiokoa. Si hukumu ya haki. Tajiri yule, tofauti na Mshtarii, alijua nani aanze naye na kwa nini. Angeweza kuwaita wote kikao kimoja.

Mtu atapinga: ukoo ule ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, vinginevyo usingevunjika. Huenda. Lakini udhaifu unaeleza tu kwa nini kitu kilivunjika, haumwondolei hatia aliyekivunja kwa makusudi. Mlango mbovu haumfanyi mwizi kuwa mgeni.

Basi tunapoambiwa "ndivyo dunia ilivyo", tuulize kwanza: aliyevuta, je, alijua, na angeweza kuacha? Ikiwa jibu ni hapana, tuomboleze. Ikiwa ni ndiyo, maombolezo peke yake hayatoshi, tumdai majibu.