Fundi Aliyetoka Kampani

Katika miji ya migodi ya Katanga, tangu Lubumbashi hata Kolwezi, ikisikiwa kwamba mtu ameacha kazi, watu hawaulizi kwanza atakula nini. Huuliza: «Amefukuzwa kwa kosa gani?» Kwa fikira zao, mwenye akili timamu haachi kazi ya kudumu kwa hiari yake. Basi akitokea mmoja aliyeiacha kwa hiari, hana jina la kuitwa. Hayumo katika hesabu ya wavivu, wala ya wezi, wala ya wagonjwa. Ndipo wenzake wanapoanza kumtafutia jina, na majina wanayompa mara nyingi ni mabaya.

Na afikiriwe fundi mmoja wa umeme, wa mfano tu, ingawa wasomaji wengi wa miji hiyo watamwona jirani yao ndani yake. Ana umri wa miaka 38, na kwa miaka 14 ameitumikia kampani moja ya shaba. Mshahara huja kila mwezi. Mke na watoto hutibiwa kwa gharama ya kampani. Siku za likizo yake zajulikana. Siku moja anaandika barua ya kuaga. Hakugombana na mkubwa wala mdogo. Anataka tangu sasa kuchukua kazi kwa mapatano: leo kufunga mota katika kiwanda kimoja, mwezi ujao kutengeneza nyaya za kiwanda kingine. Kazi ikimalizika analipwa, na mapatano yamekwisha. Hakuna tena wa kumwita «mtu wetu».

Wenzake wa karakana waipokeaje habari hiyo? Wengine wanacheka, wakimwita «direkta» kabla hajapata hata kazi moja. Wengine wananyamaza, na kunyamaza kwao kwamwumiza kuliko kicheko. Mzee mmoja, aliyemfundisha kazi alipokuwa kijana, anamjia nyumbani jioni, anaketi, anapokea maji, anazungumza habari za watoto na za mvua, na mwisho anasema: «Mwanangu, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.» Huyo asema kwa upendo. Lakini yuko mwingine, rafiki wa kula sahani moja, ambaye tangu siku ya barua hapokei tena simu yake. Akiulizwa sababu, ajibu: «Amejiona bora kuliko sisi.»

Neno hilo lastahili kupimwa. Je, mtu anayeiacha kazi ya kudumu amewakosea wale wanaobaki?

Asiyejua historia ya Katanga atashangaa kwamba barua moja yaamsha uchungu namna hii. Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka yake ya kwanza watu waliajiriwa kwa miezi michache, mbali na wake zao. Wengi wakafa kwa magonjwa, na waliosalia wakarudi kwao. Karibu na mwaka 1928 kampani ilibadili njia: ikafanya mapatano ya miaka 3, ikakubali mfanyakazi aje na mkewe, ikajenga nyumba, mashule na hospitali, ikagawa posho. Haikufanya hivyo kwa huruma tupu, kwani fundi anayekaa ana faida kuliko mgeni anayefundishwa upya kila mwaka. Hata hivyo watoto walizaliwa katika makambi hayo, wakasoma humo, wakaoana humo, na kampani ikawa kwao kama baba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alipotoa mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa hizo za wafanyakazi, alikipa kwa Kifaransa jina lenye maana ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Nao waliachwa kweli. Tangu mwaka 1967 migodi na viwanda vilikuwa mkononi mwa serikali, na kampani ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa shaba karibu tani 476,000. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi mmoja, kisha miwili, kisha miezi isiyosemeka. Ndipo katika miaka ya 2003 na 2004, kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja ili watoke, na kutoka huko kukaitwa kutoka kwa hiari. Hiari gani? Mtu anayedai mishahara ya miezi mingi, ambaye nyumbani hamna unga, akiwekewa karatasi na kalamu mbele yake, mkono wake ndio unaoandika, lakini njaa ndiyo iliyoushika. Walimu wa maadili tangu zamani hutofautisha kati ya kutaka jambo na kulikubali kwa kukosa njia nyingine. Watoto wa wale waliotia sahihi siku zile wako leo katika karakana za kampani mpya. Wanapomwona mwenzao akiandika barua ya kutoka bila kushurutishwa na mtu, waona kana kwamba achezea jambo lililowavunja wazee wao.

Lakini historia hiyohiyo yasema neno la pili, nao walijua. Kazi ile iliyoitwa ya kudumu haikudumu. Fundi huyu amesema mchana, kwa barua, jambo ambalo wenzake huwaambia wake zao usiku taa zikiisha kuzimwa. Huenda ndiyo sababu hasira yao ni kubwa kupita kosa lake. Mtu akichukizwa na safari ya mwenziwe, aghalabu ni kwa kuwa safari hiyo imemwuliza swali: «Na wewe wabaki kwa nini?» Kubaki si aibu. Yuko anayebaki kwa ajili ya mtoto mgonjwa, asiyeweza kukosa hospitali hata mwezi mmoja. Huyo ana sababu nzito kuliko sababu nyingi za kutoka, na tena huyo si mwepesi wa kumcheka anayeondoka.

Kuhusu kule kuondoka peke yake, hukumu si ngumu. Katika Injili wako wafanyakazi walioitwa shambani alfajiri, ambao walinung'unika kwa kuwa wale wa saa ya mwisho walipata mshahara uleule. Mwenye shamba aliwaonyesha kwamba hawakupunguziwa kitu. Maumivu walikuwa nayo, lakini dai hawakuwa nalo. Ndivyo ilivyo kwa fundi. Anawajibika kungoja siku za taarifa zilizowekwa na sheria, kurudisha vyombo vya kazi, na kumwonyesha kijana anayeshika nafasi yake nyaya zinapita wapi chini ya sakafu, hata zile zisizoandikwa katika ramani. Akiondoka bila kufanya hayo, amewakosea. Akiyafanya, hana deni nao.

Jambo gumu laanza siku anayorudi.

Kwa maana hurudi. Baada ya miezi michache kampani ileile yamwita kwa kazi ya majuma 3. Anapita kwenye lango lilelile, akiwa na kitambulisho cha rangi nyingine, anasimama mbele ya mashine aliyoizoea, kando ya watu waleule. Yeye alipwa kwa siku, na kwa siku hiyo apata zaidi yao. Hapo manung'uniko ya wenzake yapata mbegu ya haki, kwani karakana si kama lile shamba la mizabibu. Kule mshahara wa mmoja haukugusa mshahara wa mwingine. Hapa mkubwa wa kampani afanya hesabu: fundi wa mapatano hana hospitali, hana likizo, hana malipo ya uzee, akikosekana kazi, halipwi. Kwa nini basi kuwaweka mafundi 6 wa kudumu, ikiwa 2 wa kudumu na wengine wa kuitwa watatosha? Aliyetoka kwa uhuru wake amekuwa, bila kutaka, kipimo cha kuwapimia waliobaki.

Ndiyo maana bei anayoitaka si jambo lake peke yake. Ikiwa zamani alipata dola 600 kwa mwezi, akidai sasa dola 40 kwa siku atajiona ameendelea. Na ahesabu vema. Akipata siku 15 za kazi katika mwezi, amerudi kwenye dola 600 zilezile, na humo lazima zitoke dawa za watoto, nauli, vyombo, kodi ya serikali, na akiba ya mwezi usio na kazi. Fundi anayehesabu siku za kazi tu, akasahau siku za kukaa bure, awapunja watoto wake kwanza, kisha awashusha wenzake wasio na kosa. Wale waliomcheka kwa kudai fedha nyingi hawakuelewa kwamba hatari yao iko katika kudai kwake kidogo.

Tena liko jambo ambalo karakana nzima haikuliona. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kazi za mapatano kati ya kampani kubwa na ndogo mikononi mwa kampani zenye mali ya Wakongomani, na mafundi wengi wakaona mlango umefunguliwa. Fundi wetu apata kazi kubwa kuliko mikono yake miwili. Awaita vijana 3. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yasema kwamba kibarua wa siku kwa siku aliyekwisha kutimiza siku 22 katika miezi 2, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa na kazi isiyo na mwisho uliowekwa. Fundi aijua sheria hiyo. Alipokuwa ndani, aliitaja mara nyingi kwa sauti mbele ya wakubwa. Sasa siku ya 21 inakaribia, na aona jinsi ilivyo rahisi kuwaambia vijana: «Pumzikeni kidogo, nitawaita.»

Jioni moja anabishiwa hodi. Ni yule rafiki wa sahani moja, asiyepokea simu. Ameketi, amepokea maji, amezungumza habari za mvua. Mwishowe asema: «Yaya, kijana wangu amemaliza shule ya ufundi. Anaweza kukusaidia.» Fundi anafurahi, kwani rafiki amerudi, na mikono anaihitaji, amwambia kijana aje kesho asubuhi. Baba wa kijana ashukuru, asimama, afika mlangoni, kisha ageuka.

«Utamwandikia karatasi?»