Mfugaji akisema kweli, nani abebe hasara?

MWISHONI mwa mwaka 2006, Idd-el-Hajj ikiwa inakaribia, mafuriko makubwa yaliikumba Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Wafugaji wa Kisomali wa huko wakaanza kuona mambo: kondoo na mbuzi wanatupa mimba kwa wingi, vitoto vinakufa, na baadhi ya wanyama wanatoka damu puani. Damu hiyo ya puani wana jina lake, wanaiita sandik. Desemba ikathibitishwa kuwa watu nao wanaugua, na kwamba ni Homa ya Bonde la Ufa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wafugaji walikuwa wameziona dalili kabla ya wenye mamlaka kuchukua hatua. Kufikia Mei 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu vifo zaidi ya 300 katika Kenya, Somalia na Tanzania. Kwetu hapa mkoa ulioumia zaidi ulikuwa Dodoma.

Ndugu msomaji, nalikumbusha tukio hili kwa sababu ya swali moja ambalo sisi wa mjini huwa tunalijibu haraka mno. Mfugaji anayeona mbuzi wake wanatupa mimba, akanyamaza, akawapeleka mnadani waliobaki, ana hukumu gani?

Jibu la haraka ni kwamba huyo ni mlaghai. Na dalili zipo. Bwana Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima. Alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, alimkana muuzaji yule. Anayeficha ugonjwa huu anaficha kubwa kuliko unyevu, maana binadamu wengi huambukizwa kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa, wakati wa kuchinja, kuchuna au kumzalisha. Wengi hupona kama waliopata mafua, lakini wapo wanaotokwa damu hadi kufa na wapo wanaopofuka. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 nayo inataka ugonjwa utolewe taarifa. Umasikini hauhalalishi ghashi. Hapo sina ubishi.

Lakini tutazame vizuri tunamwomba nini mtu huyu. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huko Naivasha, Kenya, miaka ya 1930 na 1931, na tabia yake sasa inajulikana. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji, na mayai hayo, mengine yakiwa tayari na virusi ndani yake, hukaa makavu kwa miaka hata mafuriko yakaja. Ndiyo maana mwaka ule wataalamu walioangalia picha za satelaiti na joto la bahari waliweza kutoa tahadhari majuma kadhaa kabla ya watu kuugua. Ila satelaiti huona mvua na majani tu. Haioni mbuzi aliyetupa mimba alfajiri nyuma ya boma. Anayemwona ni mwenye mbuzi, na bwana mifugo mwenyewe pengine yuko umbali wa siku nzima. Kwa hiyo ulinzi wote huu, pamoja na maabara zake, unasimama juu ya ushahidi wa mtu mmoja.

Naye anajua kitakachofuata akishasema. Mnada utafungwa, kuchinja kutapigwa marufuku, na hakuna gari litakalopakia mifugo. Mwaka 2000, ugonjwa ulipozuka Saudi Arabia na Yemen, Saudia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na Wasomali hawakufunguliwa rasmi hadi mwaka 2009. Ni miaka tisa ya misimu ya Hija iliyopita kwa watu ambao soko lao kubwa ni hilo. Hatua za namna hiyo zina maana yake, wala sisemi ziachwe. Ninalosema ni kwamba faida ya ukweli wa mfugaji tunaipata sisi sote, na hasara yake anabaki nayo peke yake.

Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh akiwa njiani kwenda Sham, akaambiwa kuna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwa mfano wa mfugaji mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na nyingine ni kavu. Kokote atakakochunga, atakuwa anachunga kwa kadari ya Allah. Masheikh wetu wameutumia sana mfano huo kufundisha kujikinga. Mimi huwa nawaza habari ya upande mkavu. Mfugaji wetu tunamwambia awachunge huko kwa ajili ya afya zetu, nasi tunaendelea na pilau.

Ikiwa kutoa taarifa ni fardhi ambayo mmoja akiitekeleza wote tumeokoka, basi gharama yake nayo ina haki ya kugawanywa. Serikali ina wajibu wa kwanza: fidia, na chanjo ya mifugo kabla ya mvua, maana kukimbilia sindano ugonjwa ukishaingia kwaweza hata kuusambaza kutoka mnyama hadi mnyama. Lakini Waislamu tuna mlango wetu. Miongoni mwa wanaostahiki zaka ni gharimina, wenye madeni, na wapo wanazuoni wa zama za mwanzo waliomwingiza humo mtu ambaye mali yake imechukuliwa na mafuriko. Sioni tofauti kubwa kati yake na aliyezuiwa kuuza kwa sababu alisema kweli, akabaki na deni la dukani.

Nilimweleza hayo mjumbe mmoja wa kamati ya zaka msikitini kwetu. Akacheka, akasema, "Sheikh, wa hapa mlangoni wenyewe hawajatutosha?" Nikamuuliza mbuzi wake wa Idd alimnunua wapi. Akanijibu, mnadani Pugu, na muuzaji alimwambia katoka Dodoma.