KUPATANA BEI YA GARI

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, ninawausia ninyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutazungumza juu ya kumcha Yeye kwenye parkingi ya magari ya kuuza, kwa sababu hapo watu wengi wanaoswali nasi huacha uchaji wao nje, kama vile wanavyoacha viatu mlangoni mwa msikiti.

Hapa kwetu Lubumbashi mtu anaponunua gari la okazioni, lile wanaloliita "karibu mpya", hanunui pambo. Anatoa likelemba ya miaka, au ameuza kiwanja cha baba yake, au wana watatu wa familia wameunganisha makuta ili mmoja afanye kazi ya taksi na nyumba nzima ile. Akidanganywa, hawezi kurudi nyuma kununua lingine. Na kama kilichofichwa ni freni au chasi iliyovunjika na kuungwa, basi hakudanganywa yeye peke yake. Amedanganywa pia kila mama atakayepanda gari hilo na mtoto mgongoni.

Kwanza tuondoe wasiwasi wa wale wanaodhani kupatana bei ni aibu au ni ubahili. Si hivyo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipatana bei ya kipando. Katika vitabu vya Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Jabir bin Abdillah (R.A.) alikuwa safarini na ngamia wake amechoka, anabaki nyuma. Mtume akamfikia, akamwombea, ngamia akaenda mwendo ambao hajapata kuwa nao. Kisha Mtume akamtaka amwuzie ngamia huyo kwa wakia moja. Jabir akakataa. Akamwomba tena, ndipo Jabir akakubali, lakini akaweka sharti: ampande mpaka Madina kwanza. Na sharti lake likakubaliwa. Walipofika, Jabir akaleta ngamia, akalipwa bei yake. Alipokuwa akiondoka akaitwa, akaambiwa achukue ngamia wake pamoja na feza, vyote ni vyake.

Angalieni namna biashara ile ilivyokwenda. Mwenye mali alikataa mara ya kwanza, wala hakuna aliyemkasirikia. Aliweka sharti wazi wakati wa kupatana, hakulileta baadaye. Na mnunuzi alikuwa amekwisha kumwona ngamia akiwa amechoka; hapakuwa na kitu kilichofunikwa. Basi bei ikipanda au ikishuka, dini haina neno, maadam wawili wameridhiana, kama ilivyoamriwa katika Suratun-Nisaa aya ya 29. Mnaweza kubishana toka asubuhi mpaka adhuhuri. Shida iko katika kile ambacho mmoja anakijua na mwenzake hakijui.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenyewe kuna nini. Yule mtu akajibu kwamba ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini basi asikiweke kile kilicholowa juu, watu wakione. Na hapo ndipo akasema kuwa mwenye kughushi si katika yeye.

Ndugu yangu mwuza magari, tafakari jambo hili. Yule mtu hakuleta mvua. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Kulowa hakukuwa dhambi, wala kuuza chakula kilicholowa hakukukatazwa. Kosa lilikuwa ni kukiweka chini na kikavu juu.

Sasa tazameni jambo la zama zetu. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa ilinyesha katika Falme za Kiarabu, mvua ambayo nchi ile ilikuwa haijaiandika kwa miaka 75. Barabara za Dubai na Sharjah ziligeuka mito, na magari mengi, mengine mapya kabisa, yalizama maji mpaka kwenye viti. Na ninyi mnajua magari ya Dubai yanakwenda wapi. Gari lililozama hukaushwa, huoshwa, hutiwa manukato, likang'aa kuliko lile ambalo halikuzama. Lakini maji yamekwisha kuingia katika nyaya na katika vile visanduku vya umeme vinavyoamuru moteri, freni na mifuko ya hewa inayokinga uso wakati wa ajali. Linaweza kutembea vizuri miezi sita, kisha likazimika njiani Likasi usiku. Sisemi kila gari la kutoka huko liliingia maji. Hiyo itakuwa kuwadhulumu wafanyabiashara wa kweli. Ninasema: anayejua kuwa lake liliingia, aliweke lile lililolowa juu. Aseme. Atapata bei ndogo, na bei hiyo ni halali yake.

Na wewe mnunuzi, ingiza mkono ndani ya rundo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake uone kama una alama ya matope. Inua zulia chini ya miguu, tazama bulungi za viti kama zina kutu. Soma pine: namba nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT ni wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la "karibu mpya" lenye mapine manne ya miaka tofauti lina hadithi yake, uliza usimuliwe. Kama limetoka mnada wa Japani, omba ile karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari na alama za kila mkwaruzo, ina kilometa, na lililopata ajali likatengenezwa huandikwa herufi R. Mwuzaji anayo au anaweza kuipata. Akisema imepotea, si ushahidi wa uongo, lakini patana bei kama mtu ambaye hajaonyeshwa karatasi.

Tukitaja kilometa, hapa kuna khiana ambayo imekuwa kama desturi. Kontere za siku hizi hazirudishwi nyuma kwa bisibisi. Kuna kifaa kidogo huchomekwa chini ya volani, na kwa dakika chache gari la kilometa 180,000 limekuwa la 60,000. Wengine wanasema, "Kila mtu anafanya, wateja wenyewe wanapenda namba ndogo." Ndugu zangu, jambo hili lina hukumu tangu zamani. Mtume (S.A.W.) alikataza kuwaacha ngamia na kondoo bila kukamuliwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, ili viwele vijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Na aliyenunua mnyama wa namna hiyo alipewa hiari baada ya kumkamua: ambakize, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Kiwele kilichofungwa na kontere iliyorudishwa vina tofauti gani? Aliyeuziwa gari hivyo ana haki ya kulirudisha na kupewa feza yake, hata kama yamepita majuma.

"Lakini nilimwambia nauza kama lilivyo!" Neno hili linapendwa sana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la kujitoa katika kila aibu ya bidhaa halimwokoi mwuzaji isipokuwa katika jambo moja: aibu ya ndani ya mnyama, ambayo mwuzaji mwenyewe hakuijua. Kwa nini mnyama? Kwa sababu mnyama hula katika afya na katika ugonjwa, na ugonjwa wake hujificha hata kwa bwana wake. Gari si mnyama. Na hata katika mnyama, aibu uliyoijua haiondolewi na maneno.

Kuna maneno mengine ya parkingi. "Wallahi mimi mwenyewe nimelinunua dola 9,000." Kama ni kweli, hukulazimika kuapa. Kama ni uongo, Mtume (S.A.W.) amemtaja anayeuza bidhaa yake kwa kiapo cha uongo kuwa ni mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemesha Siku ya Kiyama. Na ukimwuzia mtu kwa kumwambia, "Nipe faida ya dola 500 juu ya bei niliyonunulia," kisha ikajulikana ulinunua 8,000, wanazuoni wanasema ile ziada inaondolewa katika bei.

Kisha simu inalia. Komisioneri anajibu kwa sauti kubwa: "Ndiyo, yupo hapa mteja, lakini wewe ukileta 10,500 saa kumi ni lako." Na upande wa pili wa simu hakuna mtu, au yuko ndugu yake. Hiyo ndiyo najash iliyokatazwa: kupandisha bei na mtu asiyetaka kununua, ili amtie mwenzake hofu. Makomisioneri wengi ni watu wa kazi, nao wanastahili ujira wao. Lakini ujira ujulikane, na ijulikane nani anaulipa. Kuchukua komisioni kwa mwuzaji kwa siri na kwa mnunuzi kwa siri, huku kila mmoja anadhani wewe ni wakili wake, hiyo si kazi.

Sasa wanunuzi wasitabasamu. Qur'an inakataza kuwapunguzia watu thamani ya vitu vyao, na agizo hilo linamhusu pia anayenunua. Unalipiga teke pine zima na kusema limekwisha. Unasema, "Kwa fulani nimeona kama hili kwa 7,000," na hukuona. Unakuja wakati ndugu yako amekwisha kuafikiana na mwuzaji, unaongeza dola 200 kisirisiri uvunje mapatano yao. Hilo limekatazwa kwa maneno yaliyo wazi. Na baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la kumwendea mjane. Mume amefariki, gari liko uani, yeye hajui bei ya soko, watoto wanadaiwa minerval shuleni. Mnamlipa nusu, halafu mnasema, "Aliridhika." Mtume alikataza watu kutoka mjini kwenda kuipokea misafara njiani kabla wenye bidhaa hawajajua bei ya soko, na aliyeuza hivyo alipewa hiari akifika sokoni. Mjane yule hajafika sokoni bado.

Mtu akitaka kushusha bei, njia ya kweli iko. Mwite fundi wako, si fundi wa mwuzaji. Fundi aseme: freni za mbele zimekwisha, amortisere moja inavuja mafuta. Uliza bei ya vitu hivyo mjini, rudi nayo, useme: "Toa hiyo katika bei yako." Huko ndiko kupatana. Na kama hujui magari kabisa, weka sharti la hiari ya siku tatu. Sheria yetu inaruhusu, na mwuzaji mkweli haliogopi. Semeni pia kabla ya kuachana nani analipa duani iliyobaki tangu Kasumbalesa, nani analipa plaki na kubadilisha jina katika karte roze. Ugomvi mwingi unaoletwa kwetu baada ya swala si wa bei ya gari, ni wa hizi dola 300 au 400 ambazo hakuna aliyezitaja.

Kama mnauziana kwa deni, bei ya deni inaweza kuzidi ya feza taslimu, lakini chagueni moja kabla ya kuachana. Kusema "ukilipa leo ni 9,000, ukichelewa ni 10,000, tutaona" na kuondoka na funguo hivyo, haifai. Na kuongeza feza kila mwezi mtu akichelewa ni riba, hata mkiiita amande. Andikeni, kama ilivyoamriwa katika Suratul Baqara aya ya 282: namba ya chasi, bei, kilicholipwa, kilichobaki, siku ya kulipa, na mashahidi wawili. Kuandika si kumtuhumu ndugu yako. Kunamlinda akifa kabla yako.

KHUTBA YA PILI

Ndugu Waislamu, sisi ni wachache katika mji huu. Mkristo akitoka mbali kuja kununua gari kwa Muislamu, mara nyingi ameambiwa na jirani yake, "Nenda kwa wale, wanaogopa Mungu." Bei anayolipa ina sehemu aliyoiweka juu ya kofia yako. Kumdanganya yeye ni haramu sawasawa na kumdanganya aliye safu ya kwanza nyuma ya imamu.

At-Tabarani amepokea habari ya Jarir bin Abdillah (R.A.), ambaye alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Alimtuma mtu wake kumnunulia farasi, akaafikiana na mwenyewe kwa dirhamu 300, akaja naye ili alipwe. Jarir akamtazama farasi, akamwambia mwenyewe: farasi wako anazidi 300, je, unauza 400? Kisha akaona bado anazidi, akaongeza, akaongeza tena, mpaka akamnunua kwa 800. Mnunuzi ndiye aliyekuwa akipandisha.

Mwenyezi Mungu awarehemu ndugu zetu waliofia barabarani, kati ya hapa na Kasumbalesa na kati ya hapa na Likasi, na awaponye walio hospitalini. Amin.

Simameni kwa swala.